Changarawe na kalsiamu kwa kuku wa mayai: kwa nini mawe hayaneneshi ganda

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina matetea 12 nyuma ya nyumba, wana miezi 5 tangu waanze kutaga. Mwanzoni walikula chakula cha kuku wa mayai peke yake, ila kwa mwezi mmoja na nusu sasa nakichanganya nusu kwa nusu na mahindi yaliyoparazwa ili kisiishe haraka. Mchana nawafungulia wale majani. Mayai yameanza kuwa na ganda jembamba, na mara mbili nimeokota yai lisilo na ganda kabisa, ngozi tupu. Niliambiwa kuku wanahitaji mawe, nikawawekea changarawe kwenye beseni. Wiki 3 zimepita, hakuna kilichobadilika. Sasa nashauriwa niwape chokaa. Niwape kiasi gani? Nina pia vifaranga 6 wa wiki 7 wanaokula nao pamoja.

Jibu: Ndugu yangu, nianze na lililo la haraka: hiyo chokaa usiiweke bado. Neno ni moja, lakini vitu vinavyoitwa chokaa ni zaidi ya kimoja, na kimojawapo kinaunguza kinywa na koo la kuku. Nitakifikia baada ya muda mfupi.

Aliyekuambia kuku wanahitaji mawe hakukudanganya. Kuku hana meno. Chakula anakimeza kizima, kinalowa kwenye gole, kisha kinashuka hadi kwenye firigisi, na humo ndimo kinamosagwa. Msuli wa firigisi una nguvu ya ajabu, lakini peke yake haupasui punje wala kukata nyuzi za majani vizuri. Changarawe ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ila mawe yanayosaga vizuri, kama granaiti na kwatzi, yanasaga vizuri kwa sababu hayayeyuki. Na jiwe lisiloyeyuka halitoi kalsiamu. Ungewawekea beseni hilo mwaka mzima, ganda lingebaki vilevile. Hukukosea kuwapa, maana kuku wanaokula mahindi na majani wanaihitaji kweli changarawe. Beseni lako ni la lazima. Kinachokosekana ni beseni la pili.

Ngoja tufanye hesabu ya yai moja, kwa sababu ugonjwa wa kuku wako uko kwenye hesabu hiyo. Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichounda mawe ya chokaa na makombe ya baharini. Ndani yake mna gramu 2 na kidogo za kalsiamu tupu. Kuku hafyonzi yote anayomeza. Karibu nusu hutoka na kinyesi. Kwa hiyo ili apate gramu 2 na ushei za kujengea ganda, inabidi ameze gramu 4 hadi 4.5 kwa siku. Chakula kizuri cha kuku wa mayai hutengenezwa kwa hesabu hiyo, kikiwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 au zaidi kidogo. Kuku akila gramu 110 za chakula chenye asilimia 4, anapata gramu 4.4. Zinamtosha.

Sasa tazama mchanganyiko wako. Mahindi karibu hayana kalsiamu. Gramu 100 hazifikishi hata sehemu ya kumi ya gramu moja. Ukichanganya nusu kwa nusu, kuku yuleyule akila gramu zilezile 110 anapata gramu 2.2 tu, na katika hizo zinazofika kwenye damu ni kama gramu 1. Yai linamdai 2. Gramu inayopungua anaitoa wapi? Anaikopa mifupani.

Mkopo huo si wa bahati mbaya, kuku ameumbwa nao. Wiki 2 hivi kabla ya yai la kwanza, homoni ya estrojeni inapopanda, mtetea huanza kujenga ndani ya mifupa mirefu, hasa ya miguu, akiba ya mfupa laini unaovunjwa na kujengwa upya haraka. Usiku akiba hiyo inakopeshwa kwa ganda, mchana chakula kinairudisha. Lakini mwili mzima wa kuku una kama gramu 20 tu za kalsiamu, na yai moja huchukua sehemu ya kumi ya hizo. Mkopo wa kila usiku usiorudishwa hauchukui muda mrefu kumfilisi. Kuku wako walianza kutaga wakila chakula kamili, wakaweka akiba; ulipochanganya mahindi wakaanza kuila, na sasa inaonekana kwenye ganda. Ukiwaacha hivyo, kinachofuata ni mfupa wa kidari kupinda, miguu kulegea, na siku moja unamkuta kuku amelala ubavu akiwa macho kabisa, hawezi kusimama. Misuli inayosukuma yai nayo inategemea kalsiamu, ndiyo maana kuku aliyepungukiwa anaweza kukwamwa na yai akafa nalo tumboni. Umeniuliza mapema, na nashukuru kwa hilo.

Kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawaambiwi, nalo naliona ni muhimu kupita kiasi chenyewe: ganda hujengwa usiku. Yai linahitaji saa 24 hadi 26 kukamilika, na karibu saa 20 za hizo linakaa kwenye tezi ya ganda likivikwa tabaka baada ya tabaka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaangukia usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Kalsiamu ya unga laini aliyoimeza asubuhi imeshapita na kutoka. Lakini kipande cha kombe chenye milimita 2 hadi 5 hakipiti upesi hivyo. Kinabaki kwenye firigisi, asidi inakiyeyusha kidogo kidogo, na usiku kucha kalsiamu inaingia kwenye damu kwa kasi ambayo tezi inaihitaji. Ndiyo maana unaweza kukuta kuku wawili wanaopata gramu sawa za kalsiamu, mmoja kwa unga na mwingine kwa vipande, na ganda la huyu wa pili likawa gumu zaidi.

Kuku mwenyewe anajua. Ukiwa na beseni la makombe, kaa karibu nalo kuanzia saa 10 alasiri utazame. Jogoo atapita bila kusimama. Kuku aliyepumzika kutaga ataonja kimoja na kuondoka. Yule mwenye yai linalongoja ganda atasimama, atachagua, atadonoa vipande kadhaa mfululizo, kisha aende kulala. Nimelitazama jambo hili kwa miaka mingi na bado sijalizoea. Kwa ajili hiyo nakusihi: kalsiamu ya nyongeza isichanganywe kwenye chakula. Iwekwe kwenye chombo chake, kikavu, siku zote, kila kuku ajichukulie kwa haja yake. Ukiichanganya unamlazimisha jogoo na kifaranga kula wasichokihitaji, na unga ukizidi chakula kinakuwa na vumbi, kuku wanakila kidogo, unapoteza pande zote mbili.

Cha kuweka ni kimoja kati ya vitatu. Makombe ya chaza yaliyopondwa ndiyo ninayoyapenda zaidi, kwa sababu vipande vyake vinayeyuka polepole. Vipande vya mawe ya chokaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mifugo vinafanya kazi ileile. Vyote viwili vina kalsiamu ya asilimia 38 hivi, kwa hiyo gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, zinampa kuku karibu gramu 2. Ukiokota makombe mwenyewe baharini, yaoshe kwa maji matamu mara kadhaa kabla ya kuyaponda, kwa sababu chumvi nyingi ni sumu kwa kuku.

Cha tatu ni maganda ya mayai yenyewe. Hayo yanafaa, lakini yasipewe kazi yasiyoiweza. Kumbuka ile nusu inayopotea kwenye kinyesi: kuku ametoa gramu 2, anahitaji kumeza 4. Hata ukimrudishia kila ganda alilotaga, unamrudishia nusu ya haja yake. Ni nyongeza nzuri, si tegemeo. Yakaushe kwenye kikaango au oveni kwa dakika 10 hivi mpaka yawe makavu na mepesi kuvunjika, ili kuua vijidudu kama salmonela, kisha yaponde yasifanane tena na yai. Kuku akionjeshwa ganda linalotambulika kuwa yai, ataanza kulitafuta kiotani.

Sasa ile chokaa. Jiwe la chokaa likisagwa tu bila kuchomwa, ni kalsiamu kaboneti, na ndilo linalouzwa kama chokaa ya mifugo. Hilo halina neno. Lakini jiwe lilelile likichomwa kwenye tanuru linageuka kitu kingine kabisa: ukilimwagia maji linachemka kwa joto lake lenyewe. Likishazimwa kwa maji linakuwa ule unga mweupe wa kupakia kuta na kunyunyizia sakafu ya banda. Hiyo iliyochomwa na hiyo iliyozimwa zote zinaunguza. Niliwahi kuitwa mahali ambapo kuku walikuwa wamewekewa ya ukutani kwa nia njema kabisa. Ndimi zao zilikuwa zimebabuka na hawakuweza kumeza hata maji. Mwenye kuku alilia, na sikuwa na la kumlaumu, maana aliuliza chokaa akapewa chokaa. Kisha iko chokaa ya shambani, ambayo mara nyingi hutokana na dolomiti, jiwe lenye magnesiamu nyingi. Haiunguzi, lakini inawaharisha kuku na inaweza kulifanya ganda liwe jembamba zaidi. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: kama mfuko haujaandikwa kuwa ni wa kulisha mifugo na kwamba ni kalsiamu kaboneti, usiingie bandani. Na hata ukiupata ulio sahihi, tafuta wa vipande kabla ya wa unga.

Ipo njia rahisi ya kujua beseni lako la sasa lina nini. Chukua vijiwe vichache, vioshe vumbi, vitie kwenye glasi na uvimwagie siki. Kalsiamu kaboneti hutoa mapovu papo hapo, kombe la chaza hufanya hivyo na ganda la yai pia. Granaiti itakaa kimya kama haijaguswa. Nadhani yako itakaa kimya. Usiitupe, kwa sababu ukimya huo ndio unaoifanya ifae kusagia.

Kuhusu changarawe yenyewe sina mengi. Vipande vya milimita 3 hadi 5 vinawatosha kuku wakubwa, milimita 1 hadi 2 kwa vifaranga. Kokoto za ujenzi ni kubwa mno, na mchanga laini unapita bila kufanya kazi. Jiwe gumu linaweza kukaa kwenye firigisi kwa wiki nyingi, hivyo usishangae beseni lisipopungua haraka. Hiyo haimaanishi kwamba hawaitaki. Kuku anayekula chakula cha unga peke yake anaweza kuishi bila changarawe, na anayezurura kutwa kwenye ardhi yenye vijiwe anajiokotea. Wako wanakula punje na majani, kwa hiyo waachie. Ukitaka kujua kama usagaji unakwenda vizuri, shika gole la kuku alfajiri kabla hajala. Linapaswa kuwa tupu na laini. Ukilikuta gumu, limejaa kama mpira wa majani ya jana, kuna kilichokwama. Usimpe chakula kingine kabla ya kumwonyesha daktari wa mifugo.

Mahindi sasa. Najua kwa nini uliyachanganya, na sikulaumu, kwani chakula ndicho kinachomaliza mfuko wa mfugaji. Lakini nusu kwa nusu hakukuokolei kitu. Mbali na kalsiamu, chakula cha kuku wa mayai kina protini ya asilimia 16 au 17, mahindi yana 8 au 9, kwa hiyo hata idadi ya mayai itaanza kushuka. Rudisha chakula kamili, na mahindi yawe konzi ya jioni, gramu 10 hivi kwa kila kuku, si zaidi ya sehemu ya kumi ya anachokula kwa siku. Na usijaribu kuziba pengo kwa unga wa mifupa. Una kalsiamu, ni kweli, lakini una fosforasi nyingi pia, na fosforasi ikizidi inazuia kalsiamu isitumike vizuri kwenye ganda.

Nije kwa vifaranga, ambao ndio walionifanya niandike kwa haraka. Kifaranga wa wiki 7 hatagi. Kalsiamu anayohitaji ni kama asilimia 1 ya chakula. Anayokula ya ziada haina pa kwenda, inabidi figo ziitoe. Figo changa zikizidiwa zinajaa mawe, asidi ya yuriki inabaki mwilini, na ukimpasua kuku aliyekufa hivyo unakuta moyo na ini vimefunikwa kitu cheupe kama unga wa chaki. Hilo ndilo jongo la kuku. Wakati mwingine hafi utotoni. Anakua, anaanza kutaga, kisha anaanguka ghafla bila mtu kuelewa kwa nini. Hata mchanganyiko wako, uliopungua kwa kuku wakubwa, una kalsiamu mara mbili ya inayowafaa wadogo.

Njia bora ni kuwatenga wakati wa kula: uzio wenye nafasi nyembamba ambazo kifaranga anapita na kuku mkubwa hapiti, ndani yake chakula cha kuku wanaokua. Vifaranga wakikua hawatapita tena kwenye nafasi hizo, na banda lako likiwa halina nafasi ya kuwatenga, fanya kinyume chake: wote wape chakula cha kuku wanaokua, na beseni la makombe liwe tegemeo la wanaotaga. Kuku anayetaga atajichukulia gramu 8 hivi za makombe kwa siku kufidia, na wengi wanamudu vizuri. Vifaranga watadonoa kimoja au viwili kwa udadisi. Hilo lisikusumbue, kwa sababu anayechagua mwenyewe hali kama anayelazimishwa kwenye chakula. Lakini katika mpango huu beseni lisikauke hata siku moja.

Ukishafanya haya, ganda linapaswa kuanza kukaza ndani ya siku chache, na ndani ya wiki 2 uwe umeona tofauti isiyo na shaka kwenye kundi zima. Yakibaki mayai mabovu ya kuku mmoja, mtafute ni nani. Kuna kuku ambao tezi yao ya ganda ina kasoro, na hakuna kombe litakalomsaidia. Kama kundi zima halibadiliki, basi sababu haiko kwenye beseni. Joto kali ni mojawapo. Kuku akihema kwa joto anapumua nje hewa ya ukaa nyingi, na hiyo ndiyo inayotengeneza ile nusu ya pili ya kalsiamu kaboneti, kwa hiyo ganda linakonda hata kama kalsiamu ipo. Kivuli na maji ya baridi ndiyo dawa yake. Kuku wanaofungiwa ndani wasione jua hukosa vitamini D3, ambayo bila hiyo kalsiamu haivuki utumbo. Wako wanatoka nje, hilo silihofii. Yai moja la ngozi tupu baada ya usiku wa kelele au mbwa kuzunguka banda pia si ugonjwa: kuku aliyeshtuka hulitoa yai kabla ya wakati.

Kinachonitia hofu ni ganda bovu linalokuja pamoja na kupiga chafya, mayai kupungua ghafla, ganda la kahawia kugeuka jeupe au lenye mikunjo, na ute mwepesi kama maji. Hizo ni dalili za maradhi ya virusi, kama bronkaitisi ya kuku ya kuambukiza (infectious bronchitis), na hapo umwite daktari wa mifugo badala ya kuongeza makombe. Akikuandikia dawa ya oksitetrasaiklini, mkumbushe kwamba kuna beseni la kalsiamu bandani, kwa sababu kalsiamu inaishika dawa hiyo tumboni na kuizuia isifyonzwe. Muulize uliondoe kwa siku ngapi, na mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Kwa sasa okota mayai mara 2 au 3 kwa siku, hasa yale membamba, yasivunjike kiotani. Kuku akishajua utamu wa kiini, kumwachisha ni kazi ngumu kuliko yote niliyokueleza hapa.

Na wale 6 wadogo waache na chakula chao mpaka vilemba vianze kuwa vyekundu na waanze kuchutama ukiwagusa mgongo. Kwa mbegu za mayai huwa ni karibu na wiki ya 18, wa kienyeji huchelewa zaidi. Siku hizo ndizo wanazojenga ile akiba ya mifupani. Hapo wahamishie kwenye chakula cha kutagia taratibu, kwa siku 7 hadi 10, na uwaache waende wenyewe kwenye makombe.